Kompyuta Ilibonyeza "Sawa" Bila Kusoma, Kikundi Kikalipa Mara Mbili

Hapa Keumbu, kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka, Ijumaa jioni ni wakati wa hesabu. Ndizi zilipakiwa kwenye lori mapema, lori likafika Nairobi, mnunuzi akatuma pesa, na sasa akina mama wa kikundi wanangoja simu zilie. Kila mmoja anajua alileta mikungu mingapi. Simu ikilia, jasho limelipwa.

Ijumaa moja ya Februari, simu tisa zililia mara mbili.

Mwanzoni watu walicheka. Mama mmoja alidhani bei ya ndizi imepanda. Mwingine alisema huenda ni ile deni ya mwezi uliopita. Mama yangu, ambaye pia ni mwanachama, alinipigia akaniuliza, "Hii kampuni yenu siku hizi inagawa pesa?" Aliyekosa kucheka ni mweka hazina. Yeye alikuwa amekaa na daftari lake, anaangalia salio la kikundi. Shilingi 28,700 zilikuwa zimetoka bila yeye kuelewa zimeenda wapi. Na hiyo haikuwa pesa ya ndizi. Ilikuwa pesa ya mbolea, iliyowekwa kando kungoja mvua ndefu.

Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyedukua akaunti. Kilichotokea ni kitu ambacho mimi na wewe tunakifanya karibu kila siku: kidirisha kidogo kiliruka kwenye skrini, kikauliza swali la maana sana, na kikajibiwa "Sawa" bila kusomwa. Tofauti ni kwamba safari hii aliyebonyeza alikuwa kompyuta.

Wacha nikueleze ilivyokuwa, halafu tuone inakuhusu vipi wewe unayelipa na kulipwa kwa simu.

Binamu yangu na skripti yake

Kikundi kina wanachama 14. Zamani mweka hazina alikuwa anamlipa kila mtu kwa mkono kupitia tovuti ya malipo: anaandika namba, anaandika kiasi, anabonyeza Lipa, kidirisha kinaruka kuuliza kama ana uhakika, anabonyeza Sawa. Mara 14. Mtandao ukiwa mzito, jioni yote imeisha.

Binamu yangu ni kijana wa kompyuta. Akamwambia, "Mama, hii kazi naweza kukufanyia kwa dakika mbili." Akaandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inafuata yenyewe. Skripti inafungua kivinjari kama vile Chrome, inaingia kwenye tovuti, inajaza fomu, inabonyeza vitufe, kama mtu tu. Ila haichoki na haihitaji chai.

Programu za kuendesha kivinjari hivi zipo kwa muda mrefu. Moja iliyo maarufu ni Selenium, ambayo Jason Huggins aliianzisha mwaka 2004 akiwa kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago. Baadaye zikaja Puppeteer ya Google mwaka 2017 na Playwright ya Microsoft mwaka 2020. Kazi yake kubwa ni kupima tovuti kabla wateja hawajaanza kuzitumia. Badala ya mtu kujaribu kitufe cha Lipa mara 500, kompyuta inajaribu yenyewe na kutoa ripoti.

Lakini skripti ya binamu yangu ilikwama siku ya kwanza. Ilijaza namba, ikajaza kiasi, ikabonyeza Lipa, kisha kimya. Kidirisha kilikuwa kimeruka, na skripti haikujua la kufanya nacho.

Kwa nini kidirisha kinasimamisha kila kitu

Tovuti nyingi zimeandikwa kwa lugha ya JavaScript. Brendan Eich aliitunga mwaka 1995 akiwa Netscape, na inajulikana kwamba toleo la kwanza aliliandika kwa siku 10 tu. Hadi leo lugha hiyo ina aina tatu za vidirisha vya kuruka, na wewe unavijua hata kama hujawahi kusikia majina yake.

Cha kwanza ni cha kutangaza. Kinakuambia jambo na kina kitufe kimoja tu: Sawa. Mfano, "Muda wako umeisha, ingia tena." Hapa huna la kuchagua.

Cha pili ni cha kuthibitisha. Kina vitufe viwili: Sawa na Ghairi. Mfano, "Una uhakika unataka kutuma shilingi 3,200?" Hiki ndicho chenye pesa ndani yake.

Cha tatu ni cha kuuliza. Kina nafasi ya kuandika jibu. Mfano, "Andika jina la mpokeaji."

Vyote vitatu vina tabia moja: vikiruka, ukurasa wote unaganda. Huwezi kubonyeza kingine, huwezi kuandika, hata shughuli zinazoendelea ndani ya ukurasa zinasimama hadi ujibu. Ni kama kondakta aliyesimama mlangoni: bila kumjibu, hushuki wala hupandi. Na vidirisha hivi haviko ndani ya ukurasa wenyewe. Kivinjari ndicho kinachovichora, juu ya ukurasa. Ndiyo maana skripti iliyofundishwa kubonyeza vitufe vya ukurasa haiwezi kuvifikia kwa njia ya kawaida. Lazima iambiwe wazi: acha ukurasa kidogo, geukia kidirisha, soma maneno yake, kisha ukubali, ukatae, ama uandike jibu.

Ona huo mpangilio: geuka, soma, kisha jibu. Binamu yangu aliruka hatua ya kusoma. Aliandika amri moja fupi inayosema, kwa lugha yetu, "Kidirisha chochote kikitokea, kubali."

Kwa wiki tatu ilifanya kazi vizuri sana. Mweka hazina akamsifu, "Mbuya mono!"

Ijumaa stima ilipopotea

Ijumaa ile skripti ilikuwa imelipa watu tisa stima ikapotea. Mtandao ukakatika, kompyuta ikazima. Stima iliporudi, binamu yangu hakujua imefika wapi. Akaianzisha tena kutoka mwanzo, akitegemea tovuti itamkataza ikiwa mtu ameshalipwa.

Na kweli tovuti ilifanya kazi yake. Kwa kila mmoja wa wale tisa, ilirusha kidirisha cha kuthibitisha: "Mpokeaji huyu amelipwa kiasi hiki hiki leo. Endelea?"

Skripti ikajibu Sawa mara tisa, kila moja kwa chini ya sekunde. Kidirisha kilionya vizuri, kwa maneno yanayoeleweka, kabla ya pesa kutoka. Ila hakukuwa na mtu wa kukisoma.

Nilipomuuliza binamu yangu aliniambia, "Nilifundisha mashine kubonyeza. Sikuifundisha kuogopa."

Ukinyamaza, nani anajibu?

Hili ndilo funzo ninalotaka uondoke nalo leo. Kila kidirisha kina majibu matatu, si mawili. Kuna Sawa, kuna Ghairi, na kuna kunyamaza. Swali la kujiuliza kila mara ni: nikinyamaza, pesa inaenda ama inabaki?

Hata mashine zenyewe hazikubaliani. Skripti ya Selenium ikikutana na kidirisha ambacho haikuambiwa cha kufanya, kwa kawaida inakikataa kisha inatoa taarifa ya kosa, kulingana na kanuni zilizopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2018. Playwright inakikataa kimya kimya na kuendelea. Puppeteer inakiacha, ukurasa unabaki umeganda. Na kuna nyingine iitwayo Cypress ambayo, usipoiambia lolote, inakubali kidirisha cha kuthibitisha yenyewe. Kidirisha ni kilekile, na kimya ni kilekile, lakini matokeo ni tofauti kabisa.

Kwenye simu yako mambo ni hivyo hivyo.

Chukua ule ujumbe unaoruka ukiwa dukani ama mtandaoni, unaokuambia umlipe fulani kiasi fulani kisha unakuomba PIN. Hapo ukinyamaza, pesa inabaki. Muda ukiisha, ombi linakufa. Kwa mfanyabiashara anayetumia mfumo wa Daraja wa Safaricom, ukibonyeza kukataa anarudishiwa namba 1032, na usipojibu ama simu yako isipopatikana anarudishiwa 1037. Kwa hivyo anaweza kujua kama ulikataa ama hukuonekana. Wewe huna haja ya kubonyeza chochote ili kuwa salama. Weka simu chini tu.

Sasa chukua Hakikisha, ile huduma ya M-Pesa iliyokuja kuonyesha jina la mpokeaji baada ya kuweka PIN. Hapo ilikuwa kinyume. Ulionyeshwa jina, ukapewa takriban sekunde 25, na ili kusimamisha ulipaswa kuandika herufi ama namba yoyote na kutuma. Ukinyamaza, pesa inaenda. Watu wengi walioona jina wasilolijua waliduwaa wakiangalia simu, na kule kuduwaa ndiko kulikuwa kukubali.

Kwa hivyo usizoee tu kwamba "nikiacha, itajifuta." Soma kidirisha kinasema nini kuhusu kunyamaza. Kama hakisemi na huna uhakika, kataa waziwazi.

Mambo matano ya kuangalia kabla ya Sawa

Nilizungumza na wenzangu wanaopima mifumo hapa kazini, nikawauliza skripti nzuri inafanya nini inapokutana na kidirisha. Majibu yao yanafaa kwa mtu pia.

*1. Soma maneno yote, hasa yale ambayo hukutarajia.* Skripti nzuri haikubali kidirisha chochote. Inasoma maneno na kuyalinganisha na yale iliyotarajia: jina hili, kiasi hiki. Neno moja likiwa tofauti, inakataa, inasimama, na kumwita mtu. Wewe nawe, ukiona neno kama "tena", "tayari" ama "ada", simama hapo hapo.

*2. Angalia jina lililosajiliwa, si lile ulilohifadhi.* Kwa Kigusii "baba" ni mama na "tata" ndiye baba. Mimi nimehifadhi namba ya mama yangu kama "Baba". Rafiki yangu wa Mombasa aliwahi kutumia simu yangu kunitumia mama pesa, na karibu atume kwa mtu mwingine kabisa akitafuta jina "Mama". Jina la kuaminika ni lile la usajili linalotokea kwenye kidirisha cha malipo.

*3. Jua ni nani anayeongea.* Kidirisha halisi cha JavaScript kwenye Chrome kinaonyesha juu yake jina la tovuti iliyokileta. Ukiona jina usilolijua, funga ukurasa. Na kumbuka kwamba tovuti yoyote inaweza kuchora ndani ya ukurasa wake kisanduku kinachofanana na kidirisha, chenye rangi na nembo za kampuni yoyote. Kufanana si kuwa.

*4. PIN haiandikwi kwenye tovuti, kamwe.* Kidirisha cha kuuliza cha JavaScript hakina uwezo wa kuficha unachoandika. Namba zinaonekana wazi, si nukta. Hakuna kampuni ya maana inayoweza kukuomba PIN hapo. PIN yako inaandikwa kwenye menyu ya laini yako ama ndani ya programu rasmi ya simu, basi. Tovuti ikikuomba PIN, hata ikisema ni ya zawadi, huo ni mtego.

*5. Kabla ya kurudia, hakikisha ya kwanza haikupita.* Hili ndilo lililowaangusha watu wa Keumbu. Tovuti ikisema "kuna hitilafu", ama stima ikipotea, ama ombi la PIN likiruka mara ya pili, usilipe tena mpaka umeangalia ujumbe wa uthibitisho na salio lako. Ukurasa unaweza kukosea kuhusu pesa yako. Kumbukumbu za malipo ndizo zinazoshika ukweli.

Vidirisha viwili vinavyoleta hasara kimya kimya

Kuna vingine viwili ambavyo watu hawavitilii maanani, na vyote vinahusu malipo.

Kimoja kinaruka unapojaribu kuonyesha upya ukurasa ambao umeshatuma fomu. Kivinjari kinakuuliza kama unataka kutuma fomu ile tena. Ikiwa fomu ile ilikuwa ya malipo, kukubali kunaweza kuwa sawa na kubonyeza Lipa mara ya pili. Jibu salama ni kukataa, kufungua ukurasa wa historia ya malipo, na kuangalia.

Kingine ni kile kinachouliza kama unataka kuondoka kwenye ukurasa wakati kazi haijaisha. Ukikiona katikati ya malipo, tulia. Baki, ngoja matokeo. Na hata ukiondoka kwa bahati mbaya, usidhani umefuta malipo. Ombi lililokwisha kutoka limetoka.

Halafu kuna lile tatizo la kitufe kilichokufa. Tovuti ikirusha vidirisha vingi mfululizo, kivinjari hukupa nafasi ya kuizuia isirushe vingine. Ukikubali kuzuia, kila kidirisha cha kuthibitisha kinachofuata kinahesabiwa kama umekataa, bila wewe kukiona. Unabonyeza Lipa, hakuna kinachotokea, unabonyeza tena na tena. Watu wengi huanza kulaumu mtandao. Funga ukurasa ule, ufungue upya, uangalie historia, kisha ujaribu mara moja tu.

Kama wewe ndiye unayelipa watu wengi

Labda wewe ni mweka hazina wa chama, una kibarua cha kulipa wachuma chai, ama una duka lenye wafanyakazi watano. Kishawishi cha kutafuta kijana wa kompyuta akuandikie skripti ni kikubwa. Sikukatazi kutafuta msaada, lakini kuna mambo ya kuuliza kwanza.

Muulize mtoa huduma wako kama ana njia rasmi ya kulipa watu wengi kwa pamoja. Kampuni nyingi zinayo, na masharti ya tovuti nyingi hayaruhusu skripti kuingia kwenye akaunti kama mtu. Njia rasmi humpa kila mlipo namba yake ya kipekee, kwa hivyo mfumo unaweza kutambua kwamba ombi lile lile limekuja mara ya pili na kulikataa. Skripti inayobonyeza vitufe haina ulinzi huo, inategemea vidirisha tu.

Ikiwa skripti ipo tayari, mwulize aliyeiandika swali moja: "Kidirisha usichokitarajia kikitokea, inafanya nini?" Akijibu "inakubali", mwambie asimamishe leo. Jibu zuri ni kwamba inakataa, inaandika kwenye kumbukumbu maneno yaliyotokea, inasimama, na kumtumia mtu ujumbe. Na kabla ya kuanza upya, inasoma orodha ya waliolipwa badala ya kurudi mwanzo.

Na la mwisho kwa wanaolipa: usimpe mtu wa skripti namba ya siri. Mwenye pesa abaki kuwa mtu wa mwisho kukubali.

Pesa ilirudi vipi

Jumamosi asubuhi mweka hazina aliamkia mlangoni kwa mwanachama wa kwanza. Hakutuma ujumbe, alienda kwa miguu. "Bwakire," akasalimu, kisha akafungua daftari. Kufikia Jumapili jioni watu saba walikuwa wamerudisha, jumla shilingi 22,400. Hakuna aliyebishana. Hapa watu wanajuana, na pia kila mmoja alikuwa na ujumbe mbili kwenye simu zenye kiasi kile kile na siku ile ile. Uthibitisho ulikuwa mikononi mwao wenyewe.

Wawili walibaki. Mmoja alikuwa na deni la mkopo wa simu, na pesa ilipoingia tu ikakatwa yote, shilingi 3,100, kabla hajaiona. Mwingine alikuwa ameshalipa karo ya mtoto, shilingi 3,200. Alimwambia mweka hazina, "Nilijua si yangu yote. Lakini mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani, na pesa ilikuwa imeingia." Kikundi kilikaa, kikakubaliana kuwakata wote wawili kidogo kidogo kwa wiki nane. Mbolea ilinunuliwa ikiwa imepungua mfuko mmoja.

Ukipata pesa ambayo hujui imetoka wapi, naomba uchukue hilo kama mfano. Usiitumie. Ngoja, piga namba rasmi ya huduma kwa wateja, uache utaratibu wa kurudisha ufuatwe. Na mtu asiyejulikana akikupigia akidai alikosea akutumie namba, usimrudishie moja kwa moja kwa namba anayokutajia. Angalia kwanza kama pesa kweli imeingia kwenye salio lako, kwa sababu ujumbe wa uongo ni rahisi kutunga. Vilevile wewe ukikosea kutuma, chukua hatua haraka: kwa M-Pesa, unatuma ule ujumbe wa uthibitisho kwenda 456 kuomba pesa irudishwe. Kadiri unavyochelewa, ndivyo pesa inavyozidi kuwa na nafasi ya kutumika.

Binamu yangu alisimama mbele ya kikundi akaomba msamaha. Alitarajia kufukuzwa. Badala yake mweka hazina alimwambia aketi karibu naye, aitengeneze skripti upya huku yeye anaangalia.

Siku hizi mambo yanaenda hivi. Skripti inajaza fomu, inafika kwenye kidirisha, inasoma maneno yake. Ikiwa jina, namba na kiasi vinalingana na orodha, na mtu yule hayuko kati ya waliolipwa, inaendelea. La sivyo inakataa na kusimama. Na haifanyi kazi mweka hazina asipokuwepo. Anakaa pale na daftari, anatia alama kwa kalamu kila jina linalopita, na mara moja moja anasoma kidirisha kwa sauti kama mtu anayesoma barua ya mtoto wake aliye mbali.

Inachukua dakika kumi na tano badala ya mbili. Nilimwuliza kama hiyo haimkeri, baada ya kuonja ule upesi wa mwanzo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Dakika mbili zilinigharimu wikendi nzima nikitembea mlango kwa mlango," akasema. "Kumi na tano ni rahisi."

Basi wakati mwingine kidirisha kikiruka kwenye simu ama kompyuta yako, hata kama foleni nyuma yako inasukuma, hata kama ni mara ya kumi leo, soma kwanza. Angalia jina, kiasi, na neno lolote ambalo jana halikuwepo. Kisha bonyeza.